Ghala limejaa, wateja wanaondoka mikono mitupu

SWALI

Mshauri, salamu.

Nasimamia ununuzi na ghala katika kampuni ndogo inayouza vipuri vya mashine: filta, beringi, mikanda, oili sili na vinginevyo, aina 640 kwa jumla. Karibu vyote hutoka kwa msambazaji mmoja wa ng'ambo na huja kwa meli. Ghala letu limejaa hadi kwenye ujia, na wakati huohuo wateja wanakuja kutafuta vitu vya kawaida kabisa na kuvikosa.

Chukua filta yetu inayouzwa kuliko zote. Katika siku 180 zilizopita tumeuza 2,700, yaani 15 kwa siku. Msambazaji anasema mzigo huchukua siku 60, kwa hiyo tumejiwekea kanuni: zikibaki 900, tunaagiza nyingine 1,200. Kanuni inafuatwa bila kukosa. Hata hivyo, katika siku hizo 180 rafu ya filta ilikuwa tupu siku 45. Mizigo mitano ya mwisho, tangu siku ya kuagiza hadi kuingia ghalani, ilichukua siku 58, 66, 52, 61 na 83. Mauzo ya kila siku huyumba. Ukiondoa siku za rafu tupu, mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi mauzo ya siku yanavyotawanyika mbali na wastani, ni kama filta 8. Leo zimebaki 310, na 1,200 ziko njiani, zinatarajiwa baada ya siku 30.

Upande wa pili, aina 210 hazijauza hata kimoja kwa miezi 12. Nyingi ziliingia kwa njia mbili: punguzo la kununua kwa wingi, au kujaza kontena ili nauli isipotee. Mkurugenzi anataka tukodi ghala la pili. Mhasibu anataka tuagize kidogo kidogo. Mimi sikubaliani na yeyote kati yao, ila sina hesabu ya kuwaonyesha.

Nina mengine matatu. Kwanza, kompyuta haipatani na rafu: inasema 40, tukihesabu ni 26. Pili, nauli na gharama za kutoa mzigo tunazigawa kwa kila bidhaa kufuatana na thamani yake kwenye ankara. Kontena la mwisho lilikuwa na meta za ujazo 24, ankara ilikuwa 60,000, na nauli, bandari na usafiri wa nchi kavu vilikula 6,000. Filta 1,200, za bei 8 kila moja, zilichukua meta 6. Beringi za 24,000 zilichukua meta 2. Filta tunaziuza 14 na zinakwenda haraka, lakini beringi zetu zinaonekana ghali kuliko za washindani. Tatu, mzigo huo tuliununua kwa masharti ya CIF (bei pamoja na bima na nauli), na katoni kadhaa zilifika zimelowa. Msambazaji anasema si juu yake, bima nayo imekataa. Ni kweli hatuna haki?

Msimamizi wa ghala

JIBU

Ndugu Msimamizi,

Ghala la pili lisikodiwe, na kuagiza kidogo kidogo hakutaponya kitu. Hizo 1,200 mnazoagiza ziko karibu na kiasi sahihi. Kosa liko kwenye siku mnayoagiza: mnachelewa, na mnachelewa kwa sababu namba mbili kati ya zile mlizojengea kanuni yenu si za kweli.

Namba ya kwanza ni hiyo 15 kwa siku. Mmegawanya 2,700 kwa siku 180, lakini siku 45 kati ya hizo hapakuwa na kitu cha kuuza. Siku ambayo rafu ni tupu haionyeshi kwamba mteja hakutaka, haionyeshi chochote. Gawanya 2,700 kwa siku 135 zilizokuwa na mzigo, upate 20. Hayo ndiyo mahitaji. Tahadhari moja hapa: siku mbili tatu za kwanza baada ya mzigo kuingia, mauzo huruka kwa sababu ya waliokuwa wakisubiri, na wengine hununua ziada wakihofia kukosa tena. Ziangalie siku hizo peke yake. Kama zimepanda mno, ziondoe kwenye wastani, la sivyo 20 itakuwa imezidi kidogo.

Namba ya pili ni siku 60. Hiyo ni ahadi ya msambazaji. Mizigo yenu mitano, 58, 66, 52, 61 na 83, ina jumla ya siku 320, kwa hiyo wastani ni siku 64.

Sasa rudi kwenye kanuni yenu. Mnaagiza zikibaki 900. Kwa 20 kwa siku, 900 zinaisha siku ya 45. Mzigo unaingia siku ya 64. Rafu inabaki tupu siku 19, na hiyo ni pale ambapo kila kitu kimekwenda kama kawaida. Zinapoingia 1,200, zinashuka hadi 900 ndani ya siku 15, mnaagiza tena, na mzunguko wa siku 79 unaanza upya na pengo lilelile. Katika siku 180 mizunguko hiyo ni miwili na robo hivi, mara siku 19, ni siku 43. Wewe umehesabu 45. Mwonyeshe mkurugenzi mstari huu kabla ya mwingine wowote: ukosefu wa filta haukuwa bahati mbaya, ulipangwa na kanuni yenyewe, na kadiri mlivyoifuata kwa uaminifu ndivyo ulivyojirudia.

Kiwango sahihi cha kuagiza upya kina sehemu mbili. Ya kwanza ni yatakayouzwa wakati mkisubiri: 20 mara 64, sawa na 1,280. Ya pili ni akiba ya tahadhari, kwa sababu mauzo huyumba na meli nazo huyumba. Hapa wengi hukadiria kwa macho, na hapo ndipo hela inapopotea, ama kwa kuweka kubwa mno kwenye bidhaa tulivu au ndogo mno kwenye bidhaa yenye safari isiyotabirika. Hesabu yake ni hii:

Chukua mkengeuko sanifu wa mauzo ya siku, 8, uuzidishe kwa wenyewe: 64. Zidisha kwa siku za kusubiri, 64: unapata 4,096. Hiyo ni sehemu ya wateja.

Chukua mkengeuko sanifu wa siku za kusubiri. Kwa mizigo yenu mitano ni 12 kasoro kidogo. Jedwali la kompyuta hulitoa kwa kitendakazi cha STDEV. Uzidishe kwa wenyewe: 144. Zidisha kwa 20 mara 20, yaani 400: unapata 57,600. Hiyo ni sehemu ya safari.

Jumlisha, 61,696. Kipeuo chake cha pili ni 248. Zidisha kwa 1.65 ukitaka uhakika wa 95%: akiba ni filta 410. Jumla, 1,280 na 410, agizeni zikifika 1,690.

Tazama hizo sehemu mbili zinavyopishana, 4,096 na 57,600. Kama mizigo ingeingia kila mara siku ya 64 bila kupotoka, akiba ingekuwa filta 106 tu. Filta 304 zilizobaki ni malipo ya kutokujua mzigo utaingia lini. Watu hutumia nguvu nyingi kutabiri mauzo vizuri zaidi. Kwenu ninyi, kwa bidhaa hii, kazi hiyo ingeleta faida ndogo sana. Nguvu zipelekwe kwenye safari.

Asilimia 95 maana yake ni kwamba katika kila oda 20, moja inaweza kukuta rafu tupu kabla haijafika. Ukitaka 99%, kizidishio ni 2.33 na akiba inakuwa 578, yaani filta 168 zaidi ili kupunguza hatari ya oda moja kati ya 20 iwe moja kati ya 100. Kwa filta inayomleta mteja dukani naye akachukua na vingine, inaweza kufaa. Kwa bidhaa inayouzwa mara mbili kwa mwezi, 1.28, yaani 90%, inatosha kabisa.

Usiondoe ile safari ya siku 83 kwa kusema ilikuwa ya kipekee. Safari tano ni chache, na ya kipekee hurudi. Bali ijue sababu yake.

Kuna mtego kwenye namba 1,690 ambao utawavuruga wiki ya kwanza msipouona. Kwa kuwa mnaagiza 1,200 kwa mkupuo, rafu yenyewe huenda isifike 1,690 hata siku moja, na karani akilinganisha kiwango na rafu peke yake ataagiza kila siku. Kinacholinganishwa ni jumla ya vitatu: vilivyopo ghalani, ongeza vilivyokwisha kuagizwa na havijafika, toa vilivyoahidiwa wateja. Mara nyingi kutakuwa na oda mbili njiani kwa wakati mmoja. Ni sahihi, ila mhasibu aambiwe mapema, kwa sababu fedha ya malipo ya awali itatoka kabla mzigo uliotangulia haujauzwa.

Leo mna 310 na 1,200 njiani, jumla 1,510. Iko chini ya 1,690. Oda itoke leo, hata kama mzigo mwingine uko baharini.

Kuhusu 1,200 yenyewe. Kanuni ya kiasi cha kuagiza ambayo bado inatumika duniani kote ilichapishwa na Ford Whitman Harris mwaka 1913: zidisha 2 kwa mahitaji ya mwaka kwa gharama ya kutoa oda moja, gawanya kwa gharama ya kuweka kipande kimoja mwaka mzima, kisha tafuta kipeuo cha pili. Tuseme filta ikishafika inawagharimu 10 (nitaeleza hapa chini), na kuiweka mwaka mzima ni 25% ya hiyo, yaani 2.50. Ndani ya hiyo 25% weka riba ya mtaji, nafasi, bima, upotevu na kupitwa na wakati. Fanyeni yenu, msichukue yangu. Tuseme sehemu ya filta katika gharama za oda moja, yaani benki, nyaraka, wakala wa forodha na ukaguzi, ni 400. Mahitaji ya mwaka ni 20 mara 365, sawa na 7,300. Jibu ni 1,528.

Mnaagiza 1,200. Tofauti inaonekana kubwa, lakini ukipiga hesabu ya gharama za mwaka za kuagiza na kuweka, zimezidi kwa 3% tu. Karibu na kiasi bora, gharama hizi hubadilika kidogo sana: ukikosea kiasi kwa robo, hujapoteza kitu cha maana. Ukikosea tarehe kwa siku 19, umepoteza mteja. Mhasibu akisema mpunguze hadi 600, gharama hizo zitapanda kwa kama 43% na rafu haitapata nafuu yoyote.

Mna pengo la dharura pia. Zile 310 zitaisha baada ya siku 15 na meli inaingia baada ya 30, kwa hiyo mtakosa kama filta 300. Mkifikiria ndege, msidanganywe na uzito. Filta moja ni meta za ujazo 0.005, kwa hiyo 300 ni meta 1.5. Mizigo ya ndege hutozwa kwa uzito halisi au wa ujazo, wowote ulio mkubwa, na meta moja ya ujazo huhesabiwa kama kilo 167. Hata filta zikiwa nusu kilo kila moja, yaani kilo 150 zote, mtalipia kilo 250. Nauli ikiwa 5 kwa kilo, ni 1,250, au 4.17 kwa filta badala ya 1.25 ya meli. Filta itafika kwa kama 13, na ushuru unaweza kupanda zaidi kwa kuwa nchi nyingi huutoza juu ya thamani pamoja na nauli. Mkiuza 14, faida ni 1 au chini. Mimi ningeleta 150 kwa ajili ya wateja wa kudumu na kuweka ukomo wa idadi kwa kila mnunuzi. Kabla ya hapo ningewauliza washindani kama wanaweza kuniuzia kwa 12.

Sasa safari yenyewe. Siku 64 si kitu kimoja. Fungua karatasi yenye tarehe sita kwa kila oda: siku mliyothibitisha na kutoa malipo ya awali, siku mzigo ulipokuwa tayari kiwandani, siku ulipopakiwa melini, siku meli ilipotia nanga, siku mlipotoa bandarini, siku ulipoingia ghalani. Baada ya oda chache mtaona ni kipande gani kinachoyumba. Kwa kawaida bahari hailaumiwi sana; siku hupotea kiwandani, oda inapongoja zamu, na bandarini, nyaraka zinapokuwa na makosa. Vyote viwili vinatibika. Kiwandani, mpeni msambazaji makadirio ya miezi mitatu mbele na mthibitishe mwezi wa kwanza tu. Atanunua malighafi mapema. Bandarini, dai rasimu za hati ya shehena, ankara, orodha ya upakiaji na cheti cha asili kabla meli haijang'oa nanga, na wakala wenu azilinganishe mstari kwa mstari: jina la mpokeaji, idadi ya katoni, uzito, msimbo wa forodha. Uzito ukipishana kati ya ankara na orodha ya upakiaji, mzigo unaweza kusimamishwa kwa ukaguzi. Kila siku inayopita baada ya siku za bure, kontena hulimbikiza demareji, yaani tozo ya ucheleweshaji ya kampuni ya meli, na tozo ya uhifadhi ya bandari, na likishatoka likichelewa kurudishwa tupu kuna tozo ya tatu. Siku za bure hujadiliwa wakati wa kuweka nafasi melini. Mzigo ukishafika ni vigumu kupata kitu.

Mkengeuko wa safari ukishuka kutoka siku 12 hadi 5, akiba ya filta inashuka kutoka 410 hadi 196. Hizo ni filta 214 zisizohitajika tena, kwa bidhaa moja tu, bila kumnyima mteja yeyote.

Nije kwenye bidhaa zilizododa. Hapo ndipo ilipo fedha ya kulipia akiba niliyoitaja, na hapo ndipo ilipo nafasi ambayo mkurugenzi anataka kuikodi.

Punguzo la wingi lihesabiwe hivi. Kipuri kinauzwa 100 kwa mwaka, bei 10. Msambazaji anatoa punguzo la 10% mkichukua 400. Mnaokoa 1 kwa kila kipande, yaani 100 kwa mwaka. Lakini badala ya wastani wa vipande 50 ghalani, mtakuwa na 200. Kuweka 50 za bei 10 kwa 25% ni 125 kwa mwaka. Kuweka 200 za bei 9 ni 450. Mmeokoa 100 mkalipa 325 zaidi. Na hiyo ni kama vyote 400 vitauzika. Kipuri kinachongoja miaka minne kinaweza kukuta mashine yake haipo tena.

Kujaza kontena ni mtego mbaya zaidi, maana nafasi tupu inauma macho. Tuseme limebaki na meta 4 na mkajaza bidhaa za 8,000 zitakazouzika polepole kwa miaka 3. Kuziweka ni wastani wa 4,000 mara 25% mara miaka 3, sawa na 3,000. Nauli mliyookoa, kwa 250 kwa meta, ni 1,000. Meta hizohizo 4 zingebeba filta 800 zaidi; hata zikikaa siku 40 kuliko kawaida, gharama ni kama 220. Kwa hiyo kontena lijazwe, ila kwa bidhaa zinazokimbia peke yake, na orodha ya vijazo iandaliwe kabla, msimwachie msambazaji achague. Zisipokuwepo, linganisha kontena zima na mzigo wa kuchanganya, yaani kushiriki kontena na wengine: gawanya bei ya kontena kwa bei ya meta moja ya mzigo wa kuchanganya. Chini ya idadi hiyo ya meta, changanya. Kumbuka kwamba kontena la futi 20 lina meta za ujazo kama 33 ndani, lakini katoni halisi hazijazi zaidi ya 26 hadi 28.

Hizo aina 210 zipange kwa fedha iliyolala, kubwa juu. Jaribu kwanza kumrudishia msambazaji kwa kukatwa kwenye oda ijayo. Akikubali nusu ya bei, chukua. Kisha wauzie mafundi na maduka mengine kwa mafungu. Kisha funganisha na bidhaa inayokimbia. Swali la kujiuliza si kilinunuliwa kwa kiasi gani, maana fedha hiyo imeshaondoka. Kitu ambacho kitauzwa 100 baada ya miaka 2, kwa gharama ya kuweka ya 25% kwa mwaka, leo kina thamani ya kama 50. Anayekupa 60 leo, mpe. Vitabuni navyo vishushwe hadi thamani inayoweza kupatikana. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu IAS 2 kinadai hivyo, na mkurugenzi ataacha kuviona kama mali.

Kompyuta kusema 40 na rafu kusema 26: kanuni zote hapo juu hazitafanya kazi mpaka hili litengenezwe. Msisubiri hesabu ya mwisho wa mwaka. Gawanyeni aina 640 katika madaraja: 96 zinazoleta mauzo makubwa zihesabiwe kila mwezi, 160 za kati kila robo mwaka, 384 zilizobaki mara mbili kwa mwaka. Jumla ni hesabu 2,560, kama 10 kwa siku ya kazi. Mtu mmoja huzimaliza asubuhi kabla mlango haujafunguliwa. Anayehesabu asipewe namba ya kompyuta, maana akiijua ataipata. Na tofauti ikionekana, usirekebishe namba na kuondoka. Tafuta mlango ulipo: katoni ya vipande 12 iliyopokelewa kama 1 au kinyume chake, misimbo miwili inayofanana, kilichorudishwa na mteja kikawekwa rafuni bila kuandikwa, mzigo uliosainiwa bila kufunguliwa. Kwenye ghala la vipuri, kosa la kipimo, kipande dhidi ya katoni, ningelitafuta kwanza.

Mgawanyo wenu wa nauli ndio unaoficha beringi. Nauli ya kontena hununua nafasi, kwa hiyo igawe kwa nafasi: 6,000 kwa meta 24 ni 250 kwa meta. Filta 1,200 kwenye meta 6 zinabeba 1,500, au 1.25 kila moja. Kwa njia yenu ya thamani zinabeba 0.80. Beringi kwenye meta 2 zinastahili 500, ninyi mmezibandika 2,400. Zinaonekana ghali kwa sababu zinalipia nauli ya filta. Kama kontena linafikia ukomo wa uzito kabla halijajaa, gawa kwa uzito. Ushuru na bima ndivyo vinavyofuata thamani, ushuru kwa msimbo wa kila bidhaa. Filta basi ni 8, ongeza 1.25, ongeza tuseme 0.75 ya ushuru na bima: 10, ile niliyotumia juu. Bei ya beringi mnaweza kuishusha kesho. Ya filta msiipandishe wakati huu rafu ikiwa tupu.

Mwisho, katoni zilizolowa. Msambazaji yuko sahihi. Katika CIF analipa nauli na bima hadi bandari yenu, lakini hatari inahamia kwenu mzigo unapopakiwa melini kule ulikotoka. Bima anayotakiwa kununua ni ya kiwango cha chini, masharti ya C, yanayohusu moto, kuzama, kugongana na mengine machache. Maji kuingia kwenye kontena hayamo. Hata hivyo msikate tamaa bado. Mwiteni mkaguzi huru achunguze kontena na katoni. Kwa nitrati ya fedha anaweza kubaini kama ni maji ya chumvi. Kama kontena lilikuwa na tundu, dai linaelekezwa kwa kampuni ya meli. Kanuni zinazotumika kwa hati nyingi za shehena zinataka taarifa ya maandishi ndani ya siku 3 kwa uharibifu usioonekana kwa nje. Mkichelewa, mzigo wa kuthibitisha unakuwa mzito kwenu, ila haki ya kushtaki hudumu mwaka mmoja tangu kupokea mzigo.

Kama ni maji ya mvuke uliojikusanya ndani ya kontena, ni vigumu kupata wa kumdai. Oda inayotoka leo iandikwe FCA (muuzaji anaukabidhi mzigo kwa msafirishaji wenu), mchague meli na kununua wenyewe bima ya masharti ya A, yaani ya kiwango cha juu, au CIP (muuzaji hulipa usafiri na bima), ambayo chini ya Incoterms 2020, kanuni za kimataifa za masharti haya ya biashara, humlazimu muuzaji kununua kiwango hicho. Ndani ya oda ongezeni mistari miwili: mifuko ya kunyonya unyevu ining'inizwe ndani ya kontena, na kabla ya kupakia mtu aingie ndani, milango ifungwe, atazame kama kuna mwanga unaopenya, picha zitumwe siku hiyohiyo.